Mistari ya Wagonjwa

Jumamosi, 12 Aprili

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. Shuleni wakiniuliza mama yangu anafanya kazi gani, husema analima ngano kwenye kituo cha utafiti, na mazungumzo huishia hapo. Si uongo, lakini si ukweli wenyewe. Mama yangu analea ugonjwa. Analipwa ili kutu isife.

Kutu ninayosema si ya mabati. Ni kuvu inayoingia kwenye shina na majani ya ngano, ikatoa vumbi la rangi ya matofali na kuacha masuke matupu. Kila msimu Daktari, mtafiti wa magonjwa hapa kituoni, hupanda aina nyingi mpya za ngano, kila aina mistari miwili mifupi, aone ipi itaihimili. Ili kila aina ipate kutu ya kutosha, pembezoni mwa shamba na katikati yake hupandwa ngano dhaifu, isiyojua kujitetea hata kidogo. Hiyo huitwa mistari ya wagonjwa, na ndiyo kazi ya mama. Huiambukiza, huinywesha, huifunika jioni, huifunua alfajiri, na kuhakikisha inaugua vizuri bila kufa mapema. Wenzake humwita Mama Kutu. Yeye hucheka. Mimi hutamani ardhi inimeze.

Mkataba wake ni wa msimu mmoja mmoja. Msimu uliopita jua lilikuwa kali, kutu ikashika nusu tu ya shamba, na Mkuu wa kituo akamwambia mbele ya watu kwamba ikitokea tena atatafuta mtu mwingine. Mkataba ukienda na nyumba inakwenda, maana nyumba ni ya kituo.

Leo wamepanda. Mama amesinzia mezani akiwa ameshika kijiko. Nilikitoa polepole mkononi mwake, hakuamka.

Jumapili, 13 Aprili

Babu mzaa mama amehamia kwetu. Magoti yake hayamruhusu tena kuishi peke yake. Amekuja na sanduku moja na bomba la mgongoni la kunyunyizia dawa, amelifunga kwenye shuka kama mtoto mchanga.

"Baba, bomba la nini? Huku huna shamba," mama alimwambia.

"Mkulima asiye na bomba anaitwaje? Mpita njia."

Amepewa chumba changu. Mimi nalala sebuleni, vitabu vyangu viko chini ya meza. Mama aliwahi kunisimulia kwamba alipokuwa na umri wangu kutu ilikula shamba lote la babu, na msimu uliofuata ikarudi. Babu aliuza kipande, kisha kipande kingine, mpaka likabaki jina tu. Kwa hiyo sikushangaa alipoona ngano kupitia dirisha la jikoni akavuta kiti, akakaa hapo mpaka giza likaingia.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua. Mtihani wa hesabu. Mvua tena.

Jumamosi, 3 Mei

Ngano imefika kwenye kifundo cha mguu. Nimekwenda kumsaidia mama kuchomeka vibao vya namba, na Daktari alikuwepo, koti lake limechanika mfukoni kama kawaida. Ni mtu mpole, ana macho ya mtu ambaye hajalala vizuri tangu azaliwe. Anajua ninapenda kusoma, kwa hiyo haniulizi habari za shule, ananiuliza nimesoma nini. Leo nilijikaza nikamuuliza mimi: ngano imara hujiteteaje, wakati haina damu wala haiwezi kukimbia?

"Unamjua Komando wa getini?" akaniuliza. Komando ni mlinzi wetu. Hajawahi kuwa mwanajeshi, jina amepewa kwa sababu ya kofia.

"Namjua."

"Basi kila seli ya ngano imara ina Komando wake ndani. Ni protini. Kazi yake ni kukaa na kusubiri. Kuvu ikiingiza vyombo vyake vya wizi kwenye seli, na yule mlinzi akavitambua, anapiga kengele."

"Halafu?"

"Halafu seli inajiua."

Nilidhani nimesikia vibaya. Alichuma jani akalishika juu, mwanga ukapita. Kutu, alisema, hula kilicho hai tu. Seli ikifa, pamoja na chache za jirani, mwizi anajikuta ndani ya nyumba isiyo na chakula, anakufa njaa humo humo. Kwenye jani kinabaki kidoa kikavu, cheupe-njano, kama alama ya ncha ya sindano. Hakuna vumbi.

"Kwa hiyo jani lenye madoa ndilo lililoshinda," nikasema.

"Lenye madoa makavu, ndiyo. Hilo limepigana."

Mama, ambaye alikuwa ameinama mistari miwili mbele, akauliza bila kugeuka, "Na mwizi akibadilisha koti?"

"Hapo Komando anamfungulia geti na kumwamkia shikamoo," Daktari alisema, na mama akacheka mpaka akakaa chini. Kwa hiyo wanatafuta ngano yenye walinzi wawili watatu tofauti, mmoja anayemjua mwizi kwa sura, mwingine kwa mwendo, mwingine kwa kikohozi. Namba Tisa inasemekana inao wawili. Daktari amekuwa akiifuata Namba Tisa tangu mimi nikiwa darasa la kwanza.

Nimerudi nyumbani nikifikiria hiyo seli. Haijui kama jani litapona. Inakufa tu.

Ijumaa, 16 Mei

Leo mama ameambukiza. Vumbi la kutu hukaa kwenye friji ya maabara, ndani ya vichupa vidogo, na yeye hulichanganya na mafuta mepesi na kulipuliza jua likishashuka. Kisha anafunika mistari kwa nailoni ili umande ubaki. Bila umande kutu haioti. Ameambukiza pia miche ya kwenye makopo, ile ya banda la plastiki, yenye namba zilezile za shambani. Alfajiri ataamka kufunua. Amekula amesimama. Nilimwambia nitafunua mimi, akasema nina mtihani wa fizikia Jumatatu.

Jumamosi, 17 Mei

Aliamka kabla ya kengele. Sikumsikia.

Jumapili, 1 Juni

Kutu imeshika. Mama amerudi anatabasamu, koti lote limepakaa rangi ya matofali, hata nyusi. Babu alilitazama lile koti kama mtu anayetazama damu.

"Hiyo ni nini?"

"Kutu, Baba. Safari hii imetoka vizuri sana, kila mstari."

"Imetoka vizuri," Babu akarudia.

"Ndiyo kazi yangu. Si nimekwambia?"

Alioga, akalala na kanga yenye maji begani. Babu akanivuta jikoni.

"Mjukuu wangu, niambie kweli. Mama yako ana shida kazini?"

"Hapana, Babu. Analipwa kuilea."

"Hakuna mtu duniani anayelipwa kulea kutu. Ni sawa na kuniambia kuna fundi analipwa kutoboa paa."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Kazi imemzidi, anaona aibu kusema," aliendelea kwa sauti ya chini. "Namjua. Alipokuwa mdogo, akivunja sahani anasema ilikuwa na ufa. Siku mkubwa wake akipita akaona ile ngano ilivyo, itakuwaje?"

Nilimweleza tena, mistari ya wagonjwa, namba, walinzi, kila kitu. Aliitikia kwa kichwa, namna watu wazima wanavyowaitikia watoto wanaosoma sana. Shuleni wananiita Kamusi, na wana namna hiyohiyo ya kuitikia.

Jumapili, 8 Juni

Mama na Daktari wako kwenye semina mjini tangu jana. Nimesoma tangu asubuhi. Mchana nilitoka kumwaga maji ya vyombo nikamkuta Babu kwenye koki ya nje akisuuza bomba lake. Anapiga mluzi. Sikujua kama anajua kupiga mluzi.

"Ulikuwa unanyunyizia nini, Babu?"

"Nyanya."

Ana miche michache ya nyanya nyuma ya nyumba. Suruali yake ilikuwa imelowa mpaka mapajani. Nilirudi kwenye kitabu changu.

Usiku imenyesha sana.

Jumatano, 18 Juni

Mama anasema kutu imenyauka. Vile vipele vilivyokuwa vikitoa vumbi vimekauka, na majani mapya yanatoka safi. Alisema "safi" kama mtu anayetaja ugonjwa.

Jumapili, 22 Juni

Ameambukiza upya jana. Safari hii nilikataa kulala, nikaenda naye alfajiri kufunua. Umande ulikuwa mwingi, nailoni ilikuwa nzito kama blanketi lililoloweshwa. Tulikunja kila mtu upande wake. Mwishoni mama alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa akatazama mikono yake.

"Labda vumbi lilikufa frijini umeme ulipokatika. Labda nilizidisha mafuta. Sijui, mwanangu. Mkono umesahau."

"Ile ya kwenye makopo imeshika, Mama."

"Ya makopo ni ya makopo. Mkuu haangalii makopo."

Komando alipita akirudi kutoka zamu. "Mama Kutu, mbona unashindwa na ngano? Si uniachie mimi niipige virungu?"

"Ipige tu, huenda ikaugua," mama akamjibu. Walicheka wote wawili. Alipofika mbali, mama aliacha kucheka ghafla, kama taa inavyozimwa.

Jumapili, 29 Juni

Bado hakuna kitu.

Ijumaa, 4 Julai

Shule zimefungwa. Nimekuwa wa pili darasani. Mama alisoma ripoti, akaibusu, akailalia.

Jumamosi, 12 Julai

Masuke yametoka yote. Leo Daktari ameanza kutoa alama na mimi ndiye nilikuwa nikiandika. Anafunua majani, anaangalia, anataja namba ya aina na kiwango cha kutu. Namba Moja, sifuri. Namba Mbili, sifuri. Nikaandika sifuri mpaka mkono ukazoea umbo lake. Hata mistari ya wagonjwa ilikuwa kijani tupu, imesimama, imejaa masuke mazito.

Tulipofika Namba Tisa, niliinama mwenyewe. Majani ya chini yalikuwa yamekufa zamani. Majani ya juu hayakuwa na chochote. Wala kidoa kimoja.

"Daktari," nikasema, na nadhani hiyo ni mara ya kwanza kuanza mazungumzo naye bila kujiandaa. "Namba Tisa haina madoa."

Alikuwa ameshika kalamu mdomoni.

"Nimeona, Kamusi."

"Kama kutu ingefika hapa, ingeacha alama. Hakuna aliyepigana."

"Nimeona. Nilitaka nisione mpaka nimalize angalau nusu ya shamba." Alifunga kofia ya kalamu. "Nikizipeleka sifuri hizi, wakulima watapewa mbegu ambayo hatujui kama ina mlinzi hata mmoja. Siwezi. Kwa hiyo ninapaswa kuandika kwamba msimu umepotea, na Mkuu ataniuliza ni nani alikuwa akiangalia kutu."

Hakusema jina la mama. Hakuhitaji.

Nilirudi nyumbani kwa njia ndefu. Nilikuwa nikifikiria ile suruali. Nyanya za Babu hazifiki hata magotini.

Alikuwa dirishani, mahali pake. Nilimuuliza moja kwa moja kama alinyunyizia dawa ngano ya kituo. Aligeuka, uso umemng'aa.

"Ulijua? Wewe mtoto huna dogo. Mizigo minne ya bomba, nikijaza na kurudi, na magoti haya. Dawa nilikuwa nayo sandukuni tangu enzi za shamba langu, nikasema haiwezi kuwa imekufa, na kweli haikufa. Mlinzi alinifungulia geti mwenyewe. Akasema, pita mzee, wewe ni baba yake Mama nani hii."

"Babu, kwa nini hukumwambia Mama?"

"Ili ajione ameshindwa? Hapana. Mwache aone imepona yenyewe. Hiyo ni siri yangu na yako."

Nilikwenda sebuleni nikafungua kitabu, nikakaa na ukurasa uleule mpaka chakula.

Jumatatu, 14 Julai

Mkuu wa kituo alipita barabarani na gari, akasimama, akashusha kioo. "Ngano nzuri sana mwaka huu," akasema, hajui bado. Babu alikuwa uani. Aliinua mkono akamshukuru. Mluzi siku nzima.

Jumatano, 16 Julai

Leo nimechoka na najua nitaandika mengi.

Daktari amempelekea Mkuu taarifa: kutu haikudumu, majaribio hayana thamani. Mchana Mkuu alimwita mama. Mama amerudi akavua viatu mlangoni, akavipanga, akavipanga tena. Alipakua chakula. Alisubiri mpaka sote tumeanza kula.

"Mkataba wangu unaishia mwisho wa mwezi," akasema. "Wamesema nimezembea. Pengine ni kweli. Tutatafuta chumba."

Babu aliweka tonge chini. "Umezembea nini? Ngano imepona."

"Ndiyo tatizo, Baba. Haikutakiwa kupona."

"Lakini imepona," Babu akarudia, polepole, kama mtu anayemkumbusha mwenzake kitu alichosahau. "Mkubwa wako mwenyewe kaisifia juzi. Dawa imefanya kazi yake, watu wanasifia, sasa wewe unafukuzwa kwa lipi?"

Dawa. Nilimtazama mama. Alikuwa akimtazama Babu, na niliona jambo likipanda usoni mwake taratibu, kuanzia mdomoni mpaka kwenye macho. Nilidhani atapiga kelele. Alichukua jagi akamwongezea Babu maji.

"Kula, Baba. Chakula kinapoa."

Baadaye, tukiosha vyombo, alisema bila kunitazama, "Hukusikia kitu."

"Mama, ungemwambia Mkuu..."

"Nimwambie nini? Kwamba baba yangu aliingia kwenye shamba la majaribio na kuliharibu? Amtoe huyu mzee hapa na polisi? Kutu ilimla baba yangu mzimamzima. Nimemwona akiuza shamba kipande kwa kipande, halafu akakaa miaka mingi bila kusema neno la maana. Mwaka huu ndio nimemsikia anapiga mluzi. Mara ya kwanza tangu nikiwa na umri wako." Alikung'uta maji mikononi. "Acha aamini amenisaidia. Kazi nyingine ipo."

Kazi nyingine haipo. Yeye mwenyewe husema hivyo kila mwaka mkataba unapokaribia.

Nimewaza sana. Nilikuwa nikimwona Babu kama mzee mkaidi tu, na mama kama mtu asiyejua kujitetea. Sasa naona kila mmoja wao anamficha mwenzake jambo ili asiumie, na mimi niko katikati nikiwa nimebeba yote mawili. Sina nguvu ya kubeba. Mimi ni mtu ambaye hushindwa hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni.

Ijumaa, 18 Julai

Mama ameanza kufunga vitu kwenye maboksi. Babu ananiuliza kwa nini. Nilisema tunafanya usafi.

Jumamosi, 19 Julai

Mama alikwenda kuangalia chumba kwa mtu. Nilimwambia Babu avae viatu, nataka kumwonyesha kitu.

"Mbali?"

"Hapana. Bandani."

Nilimshika mkono, tukaenda kwa mwendo wa magoti yake. Ndani ya banda la plastiki kuna joto na harufu ya udongo uliolowa. Makopo yamepangwa juu ya meza, miche ileile aliyoambukiza mama siku moja na ya shambani, kwa vumbi lilelile. Babu alisimama mlangoni. Makopo ya wagonjwa yalikuwa yamejaa kutu, vumbi limemwagika hadi mezani.

"Hii nayo imemshinda," akasema kwa huruma.

"Hapana, Babu. Tazama hapa." Nilimpa kioo cha kukuzia cha Daktari, nikamsogezea kopo la Namba Tisa. "Unaona nini?"

Alitazama sana. "Madoa. Madogo. Makavu."

"Yana vumbi?"

"Hayana." Alisugua jani kwa kidole, akatazama kidole, akasugua tena. Macho yake hayaoni vizuri lakini kidole chake kinaijua kutu. "Hii imekataa kuugua. Mbona imekataa? Dawa gani hii?"

"Hakuna dawa. Ni yenyewe." Nikamweleza habari ya mlinzi, na kengele, na seli inayokufa ili mwizi akose chakula. Sikuharakisha. Nilimwambia kwamba ngano ya namna hii haiwezi kujulikana mpaka iwekwe karibu na wagonjwa, wagonjwa wengi, wanaougua vizuri, na kwamba lazima awepo mtu wa kuwalea hao wagonjwa. Nilimwambia kwamba mtu huyo ni mama, na kwamba hajawahi kutudanganya.

Babu alikaa kwenye ndoo. Alikuwa bado ameshika kioo.

"Ile mistari ilitakiwa iugue."

"Ndiyo, Babu."

"Na mimi nimeitibu."

"Ndiyo."

"Ndiyo maana ya maboksi."

Nje mtu alikuwa anasukuma toroli, gurudumu likilia.

"Mama yako anajua ni mimi?"

"Anajua. Tangu Jumatano."

"Na ameniongezea maji," akasema. Kisha akainuka, akalirudisha lile kopo mahali pake, akalinyoosha liwe sawa na mengine. "Kama ningekuwa na hii wakati ule," akasema, lakini hakumaliza. Alinipa mkono nimshike. "Huyo Daktari wako Jumamosi anakuwepo?"

Alikuwepo. Tulikwenda ofisini kwake kwa mwendo uleule. Babu alivua kofia mlangoni, akakataa kiti.

"Mimi ndiye niliyenyunyizia ngano yako," akasema. "Binti yangu hakujua. Nilidhani ameshindwa kazi. Kumbe mimi ndiye niliyeshindwa kumwamini. Kama kuna wa kufukuzwa, nipo hapa na sanduku moja tu, halinichukui muda kufunga."

Daktari alitazama meza yake. Akasema miche ya bandani aliiona tangu mwanzo, alijua mkono wa mama hauna kosa, lakini alikuwa amechoka na hakutaka kugombana na Mkuu kwa ajili ya makopo. "Nilipaswa kuuliza kwa nguvu zaidi," akasema. Kisha akaniuliza kama nakumbuka dawa ilipigwa siku gani. Nilikumbuka. Akachukua kalamu.

Jumatatu, 21 Julai

Mama hasemi nami. Alisema neno moja tu Jumamosi: "Nilikuomba." Babu hapigi mluzi. Komando amepewa onyo la maandishi kwa kufungulia geti mtu asiyehusika, ananipita bila utani. Nyumba imejaa watu wanaokanyaga polepole.

Alhamisi, 24 Julai

Mkuu amekubali, kwa shingo upande. Kuna shamba dogo la kumwagilia nyuma ya karakana. Daktari atapanda upya humo aina chache, Namba Tisa ikiwemo, na mama ataongezewa mkataba mpaka mavuno ya hapo, si zaidi. Kutu isiposhika, basi. Babu amekatazwa kuvuka geti la mashamba. Bomba lake amelikabidhi stoo mwenyewe.

Usiku mama alikuja sebuleni nilipolala, akaketi pembeni ya godoro. Alisema bado ana hasira nami. Akasema pia kwamba Babu amemwomba amweleze kazi yake tangu mwanzo, na amemweleza, na alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akajilaza hapo hapo pembeni yangu, akalala na viatu.

Jumapili, 3 Agosti

Jana ilikuwa siku ya kupanda. Mama alikuwa ameweka kengele ya alfajiri. Niliizima kabla haijalia. Nilivaa koti lake, lile lisilotoka rangi hata lifuliwe vipi, nikabeba mfuko wa ile ngano dhaifu. Babu alikuwa ameamka. Alinisindikiza hadi getini, akasimama upande wake wa uzio. Komando alinitazama, akatazama kibali alichoniandikia Daktari, akakisoma chote, akanifungulia.

"Nani huyo?" kibarua wa trekta aliuliza kutoka karakana.

"Mtoto wa Mama Kutu," nikajibu mimi mwenyewe.

Nilichimba vifereji kufuata kamba, nikamwaga mbegu, nikafukia kwa mguu. Kila nilipopindisha, Babu alikohoa kule kwenye uzio, nikanyoosha. Nilimaliza mistari yote ya wagonjwa, pembezoni na katikati, nikaachia maji. Kisha nikarudi nyumbani, nikavua viatu mlangoni, nikapika uji, nikaufunika. Mama alikuwa bado amelala.